Kuomba jengo la manispaa liwe nyumba ya picha

Kila nikija likizo Tanga, wapiga picha wenzangu huniuliza, "Huko Toulouse, Ufaransa, waliwezaje kupata jengo la kuonyeshea picha?" Mimi huko hutundika fremu tu, kibarua cha siku. Niliyoyaona ni haya.

Anza na jengo, pesa zitafuata. Mwaka 1974 mpiga picha Jean Dieuzaide alifungua nyumba ya picha kwenye mnara wa matofali wa karne ya 19, kando ya mto Garonne, penye daraja la Pont-Neuf. Zamani mnara huo ulisukuma maji ya mji. Onyesho la kwanza likawa la mpiga picha Mfaransa, Robert Doisneau. Mnara haukubadilishwa hata jina: Château d'Eau, mnara wa maji, na mitambo ingali chini.

Kwenu pia tafuteni jengo lisilogombewa na mtu. Kwenye barua taja namba ya kiwanja, hali ya paa, na nani ana funguo. Barua yangu ya kwanza, katika mji mmoja wa pwani, ililala masijala miezi minane kwa sababu niliandika "lile jengo karibu na soko".

Umiliki ubaki kwa manispaa. Uendeshaji ni habari nyingine. Ufaransa, manispaa huweza kuendesha kwa watumishi wake, au kukabidhi chama kilichoandikishwa chini ya sheria ya vyama ya 1901, kwa mkataba. Mimi napenda chama, mradi mkataba useme nani analipa umeme, nani anachagua picha (asiwe diwani, tafadhali), na picha zinazobaki ni za nani. Hilo la mwisho huvunja udugu. Mtu akiacha picha tano zilizochapwa baada ya onyesho, ziandikwe kwenye leja siku hiyohiyo: jina, mwaka, ukubwa, ametoa au ameazima. Na ahadi ya madiwani iingie kwenye muhtasari wa kikao cha baraza, maana baada ya uchaguzi huenda usimkute hata mmoja.

Mkipewa jengo la duara, jihadharini. Ndani ya mnara, fremu hugusa ukuta kwa kingo mbili tu, katikati pana mwanya. Ukitumia msumari mmoja itacheza. Gonga miwili, kisha pachika kitu laini nyuma ya kila ukingo. Mimi hukata vizibo vya chupa za mvinyo. Tanga, kipande cha kandambili kuukuu kinatosha.