Kubadilisha puli ya krenki ya RAV4 ya zamani, kwa vyuma vichache na bidoni moja ya maji

Puli kubwa ya chini kabisa ya moteri, ile inayozungusha mikanda ya altaneta na sitelingi, huku Goma, mashariki mwa Kongo, wengi wanaiita puli ya vilbreke, yaani ya krenki, ule mhimili wa moteri unaozungushwa na pistoni. Ukiitazama utadhani ni chuma kimoja. Ni vyuma viwili: kitovu ndani, pete nje, na katikati mpira unaovishikanisha na kumeza mtikisiko wa krenki. Mpira ukizeeka, au ukilowa mafuta kwa muda mrefu, pete inaanza kuteleza.

Mimi nilijua kwa kuchelewa. Gari yangu ni RAV4 ya kwanza, moteri 3S-FE. Nilibadilisha plagi, nikaona nipime kwa taa na taimingi, yaani wakati plagi inapopiga cheche. Alama ya puli haikusimama kwenye digrii 10, nikazungusha distribita, kile kinachogawa moto kwenye plagi, mpaka ikasimama. Kesho yake gari likachoka vibaya kwenye mpando wa Kibumba. Taimingi ilikuwa nzima, mimi ndiye niliyeiharibu: alama imechongwa kwenye pete ya nje, na pete ilikuwa imehama.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, zima gari, chukua rangi nyeupe, piga mstari mmoja unaovuka kitovu, mpira na pete. Tembea siku tatu nne. Mstari ukikatika, puli imekwisha. Ikiyumba moteri ikiwa inanguruma, au ikitema mkanda, usingoje hata hizo siku.

Puli ya okazioni, yaani iliyotumika, utaipata mtaa wa Birere hapa Goma. Nenda na ile ya zamani mkononi kama gari linaweza kulala bila kutumika. Linganisha upana, kina, na idadi ya mifereji ya mkanda, kisha bonyeza mpira kwa ukucha. Ukikatika kama mkate mkavu, mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 1: kuinua gari. Ng'oa waya hasi wa betri. Kwetu chini ni lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002, haiko sawa hata mita moja, basi weka ubao mnene chini ya jeki na chini ya stendi. Jiwe la lava zuia nalo tairi la nyuma, lakini usithubutu kuegemeza gari juu yake. Lina matundu ndani, linapasuka bila kuaga.

Hatua ya 2: toa tairi la mbele kulia na kile kifuniko cha plastiki. Puli iko hapo, inakutazama. Legeza altaneta na pampu ya sitelingi, vua mikanda.

Hatua ya 3: bolti ya katikati, boksi (spana ya kuvisha) ya milimita 19. Hapa ndipo watu wanapoumia. Inafunguka kinyume na saa, lakini ukiivuta krenki nzima inazunguka nayo. Wengine wanaegemeza mpini wa spana kwenye chasi, halafu wanapiga stata ili moteri ijifungue yenyewe. Mimi sifanyi hivyo. Mpini ukichomoka, hujui utamkuta nani. Na kwenye Honda nyingi za zamani moteri inazunguka upande mwingine, kwa hiyo utakuwa unaikaza zaidi.

Tafuta chuma bapa cha mita moja, mpelekee mchomeleaji akitoboe matundu mawili, umbali ule ule wa matundu mawili yenye uzi yaliyo kwenye kitovu cha puli. Kifunge hapo kwa bolti mbili za milimita 8, mwisho wake uegemee chasi. Sasa krenki haiendi popote. Boksi, eksitensheni, mpini mrefu wenye bomba, kisha vuta kwa uzito wa mwili, taratibu. Italia kwa mlio mmoja mkali, usishtuke.

Hatua ya 4: kuchomoa. Tumia chombo cha kuchomolea puli, kinachoshika yale matundu mawili na kusukuma katikati. Kile cha kucha tatu kisishike pete ya nje, utang'oa mpira. Nyundo iache kwenye sanduku. Kile kichuma kidogo kinachofunga puli na krenki, klaveti, kitazame: kikiwa kimeliwa pembeni, badilisha.

Ukikuta mafuta yamelowa hapo, jua kwamba kwenye 3S-FE sili ya krenki, ule mpira unaozuia mafuta yasitoke, iko nyuma ya mkanda wa taimingi. Hiyo ni kazi nyingine, na puli mpya haitayazuia mafuta hayo.

Hatua ya 5: kurudisha. Safisha mkia wa krenki, panga mfereji na klaveti, sukuma puli kwa mkono mpaka ikae. Toki, yaani nguvu ya kukaza bolti, ni Nm (nyutoni mita) 108. Spana ya toki sina, ila bidoni ya njano ya kuchotea maji Ziwa Kivu kila nyumba inayo. Pima humo lita 20 kwa chupa ya lita moja, kwa sababu ukiijaza hadi shingoni zinazidi. Maji na bidoni ni kama kilo 21; zikining'inia nusu mita kutoka katikati ya bolti, ni kama Nm 103, na uzito wa mpini wenyewe unamalizia. Kaza kwanza kwa mkono. Geuza kile chuma bapa kiegemee upande wa pili, weka stendi chini ya eksitensheni isiiname. Mpini uelekee mbele ya gari, uwe umelala sawasawa. Ning'iniza bidoni kwa kamba, iachie polepole bila kuirusha. Mpini ukishuka, uinue, urudishe pale pale, urudie. Ukibaki umelala huku bidoni inaning'inia, imekaza.

Toa kile chuma bapa. Nasema hivyo kwa sababu mudogo wangu alishawahi kukaribia kupiga stata kikiwa bado kimefungwa.

Rudisha mikanda, betri, plastiki, tairi. Piga mstari mpya wa rangi kwenye puli, washa, halafu pima taimingi upya. Yangu ilibidi niirudishe distribita karibu pale pale ilipokuwa.