Bahasha ya kuombea msaada: iandae kabla kimbunga hakijafika

Kila msimu wa vimbunga ukikaribia watu hukimbilia maji ya chupa, betri na vyakula vya kopo. Ni vizuri, ila hivyo ni vya siku tatu za kwanza. Baada ya hapo huanza foleni ya msaada, nayo husogea kwa karatasi. Nimekaa mezani na majirani tukijaza maombi kwa simu moja iliyobaki na chaji asilimia 11, nikaona wawili waliopata hasara ileile wakitofautiana kabisa. Mmoja alitoka nyumbani na bahasha yake, akamaliza kabla simu haijazima. Mwingine alitoka na nguo alizovaa, na ilimchukua wiki kadhaa kuthibitisha kwamba aliishi pale alipoishi.

Haya nayaandika kwa Waswahili wenzangu tulioko Marekani, na si wa Florida au Texas peke yao. Msimu ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30, na kimbunga hakiishii pwani. Septemba 2024 kimbunga Helene kilitua Florida, lakini mafuriko mabaya kabisa yalikuwa kwenye milima ya magharibi mwa North Carolina, mamia ya kilomita kutoka pale kilipotua. Huko mitandao ya simu ilikatika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo ukisema namba zote na nyaraka zote ziko kwenye simu, hujajiandaa. Ziandike na uzichapishe.

Ndani ya bahasha weka nakala za vitambulisho vya kila mtu wa nyumbani, namba za Social Security (zile tunazoziita soshal), karatasi za uhamiaji, mkataba wa pango au hati ya nyumba, bili ya umeme au maji ya karibuni, karatasi za bima, na namba za akaunti ya benki. Halafu zunguka nyumba nzima na simu upige picha: kila chumba, ndani ya makabati, nyuma ya friji penye namba yake. Ni kazi ya robo saa. Picha hizo mtumie na ndugu anayeishi jimbo jingine.

Sasa majina, ambayo ndiyo yanayotutesa kuliko yote. Wengi wetu tulioingia kama wakimbizi tuliandikiwa tarehe ya kuzaliwa Januari 1, na majina yetu yamepangwa kila ofisi kivyake: huku jina la baba limetangulia, kule limekuwa la mwisho, kwingine herufi imedondoka. Siku za kawaida hakuna anayejali. Ukiomba msaada wa maafa, kompyuta inalinganisha jina, tarehe na soshal. Visipolingana, ombi linakwama. Zitandaze karatasi zako zote mezani leo uzisome herufi kwa herufi. Penye kosa, anza kulirekebisha sasa, maana ofisi hizo zikishafurika watu, utangoja sana.

Jambo la pili ni mkataba wa pango wenye jina la baba pekee. Mama akibaki na watoto wakati baba yuko safarini na lori, atathibitisha vipi kwamba anaishi hapo? Mwombeni mwenye nyumba aongeze jina, au angalau bili moja iwe kwa jina la mama. Aliyepanga chumba kwa maneno tu adai barua fupi iliyotiwa saini, na stakabadhi za kila mwezi.

Bima nayo haisubiri mawingu. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Ile ya mpango wa taifa wa bima ya mafuriko kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuinunua, kwa hiyo kuikumbuka wakati televisheni inaonyesha kimbunga kiko baharini ni kuchelewa. Mpangaji pia anaweza kukatia bima vitu vyake vya ndani.

Serikali yenyewe huingia kwa hatua. Gavana wa jimbo humwomba rais atangaze janga, na tangazo hutaja kaunti moja moja. Hapa wengi hukwama kwa kutojua kaunti yao. Wanajua jiji tu. Andika jina la kaunti yako juu ya bahasha. Kaunti ikitajwa kwa msaada wa watu binafsi, unajiandikisha FEMA, wakala wa serikali kuu wa kushughulikia maafa, kupitia disasterassistance.gov, kwa simu 1-800-621-3362, au kwenye kituo cha msaada wanachofungua karibu na eneo lililopigwa. Kwenye simu taja tu neno “Swahili” na uombe mkalimani, usubiri. Usimfanye mtoto wa darasa la sita akutafsirie mambo ya pesa. Muda wa kujiandikisha kwa kawaida ni siku 60 tangu janga litangazwe, na huongezwa mara nyingine, lakini usiutegemee huo wa kuongezwa. Utapewa namba ya usajili yenye tarakimu tisa. Iandike mahali pawili, maana kila ukipiga simu wataiuliza.

Mwenye bima aanze na bima yake. FEMA hailipi kilicholipwa tayari, hivyo watataka barua ya kampuni inayoonyesha ililipa nini au ilikataa nini. Na kaya moja hujaza ombi moja. Baba akijaza, mama naye akajaza kwa siri akidhani anaongeza bahati, yote mawili yanaweza kusimamishwa.

Je, nani anastahili fedha? Raia, mwenye grini kadi, mkimbizi na aliyekwisha kupewa hifadhi. Ambaye kesi yake ya hifadhi bado inaendelea hapati fedha za FEMA kwa jina lake, ila kama ana mtoto mdogo aliye raia, mwenye soshal na anayeishi naye, anaweza kuomba kwa jina la mtoto huyo. Mwenye hofu juu ya kesi yake aongee kwanza na mwanasheria wa uhamiaji. Makazi ya dharura, chakula na maji ni vya kila mtu, karatasi zisikuzuie kwenda.

Barua ya kwanza ikija inasema hustahili, usiitupe. Nimewahi kuiona imekunjwa mara nne ndani ya Biblia, mama wa watu ameshakata tamaa, kumbe ukurasa wa pili ulisema kinachokosekana ni nakala ya bili. Soma mpaka chini. Una siku 60 tangu tarehe ya barua kukata rufaa, na mara nyingi rufaa yenyewe ni kutuma karatasi moja tu, yenye namba yako ya usajili kila ukurasa. Ukielekezwa SBA, wakala wa serikali wa wafanyabiashara wadogo, jua kwamba huo ni mkopo wa riba nafuu, na hata asiye na biashara anaweza kuuomba.

Uvumi nao una msimu wake. Wakati wa Helene zilizagaa ujumbe za sauti kwamba dola 750 za FEMA ndizo pekee utakazopata, na kwamba ukizichukua unadaiwa. Si kweli. Zilikuwa za mahitaji ya haraka kama chakula na maji, hazirudishwi, na hazikumzuia mtu kupata msaada mwingine.

FEMA si yote. Piga 211 wakuelekeze kwa vituo vya chakula, kodi ya nyumba na usafiri katika eneo lako. Msalaba Mwekundu huendesha makazi ya dharura. Makanisa na misikiti hufika mapema kwa chakula, na wapo wanaojitolea kutoa matope na kung'oa mazulia bure. Jumuiya zetu zina pengo moja: tuna orodha ya michango ya misiba lakini hatuna orodha ya nani ana gari kubwa, nani ana jenereta, bibi yupi yuko peke yake ghorofa ya chini. Katibu anaweza kuiandika kikao kijacho, nakala moja kwa kila nyumba.

Atakayebisha hodi akidai ada ya kukuandikisha, mfungie mlango. Kujiandikisha ni bure, na mkaguzi wa kweli wa FEMA huja na kitambulisho chenye picha na hakuombi hata senti. Fundi anayetaka malipo yote kabla ya kupanda paa mwambie aje kesho na mkataba.

Bahasha iingie kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, ining'inie kwenye msumari karibu na mlango wa kutokea. Chini ya kitanda ndipo tulipozoea kuweka vya thamani, na maji yakiingia ndani huanzia hapo.