Kukagua mfumo wa wavuti kwa nyenzo za OWASP

Mwongozo huu ni wa fundi anayetunza mifumo midogo ya wavuti. Mfano wetu ni mfumo wa kuhifadhi vyumba katika nyumba ya wageni ya Raskazone, Tanga. Nyenzo zinatoka OWASP, jumuiya isiyo ya kibiashara iliyoanza mwaka 2001, ambayo hutoa bure miongozo na programu za usalama wa mifumo ya aina hii.

Hatua ya kwanza ni idhini ya maandishi kutoka kwa mwenye mfumo, ikitaja anwani utakayokagua na tarehe. Chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini ni kosa. Omba pia nakala ya majaribio, ili usiguse taarifa za wageni halisi.

Hatua ya pili, fanya mazoezi kwa Juice Shop, duka la kuigiza ambalo OWASP imelijaza kasoro makusudi. Lisakinishe kwa Docker au Node.js, ambazo ni programu za kuendeshea programu nyingine, kisha lifungue kwenye kivinjari kwa anwani localhost:3000, yaani kompyuta yako mwenyewe. Libaki kwenye kompyuta yako tu.

Hatua ya tatu ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Katika orodha ya hatari kumi kubwa, ambayo OWASP huitoa tangu mwaka 2003, toleo la 2021 lilipandisha hadi nafasi ya kwanza udhaifu wa kudhibiti nani anaruhusiwa kufanya nini, uliokuwa wa tano mwaka 2017. Fungua akaunti mbili za wageni. Kwa akaunti ya kwanza hifadhi chumba na unakili anwani ya risiti, tuseme inaishia na /risiti/417. Kisha ingia kwa akaunti ya pili na uifungue anwani hiyo hiyo. Risiti ikifunguka, na jina na namba ya simu ya mwenzako zikaonekana, maana yake seva inauliza kama umeingia, lakini haiulizi kama risiti ni yako. Kuficha kiungo hakusaidii kitu: tiba ni seva kutafuta risiti kwa namba yake pamoja na utambulisho wa akaunti iliyoingia. Rudia jaribio kwa kuhariri na kufuta, kwa sababu mafundi wengi hulinda kusoma peke yake.

Hatua ya nne, andika neno ng'ombe, lenye ritifaa ('), kwenye kisanduku cha kutafutia. Mfumo ukitoa kosa la hifadhidata, huenda maneno ya mtumiaji yanaunganishwa moja kwa moja na amri ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ambamo ritifaa hufunga maneno. Tumia amri zenye vigezo, ambazo hupeleka data kando na amri. Kukataza ritifaa ni kuwafungia mlango wageni wote wenye ng' katika majina yao.

Mwisho, andika kila kasoro pamoja na anwani, akaunti uliyotumia na ulichokiona, na baada ya marekebisho urudie jaribio la akaunti mbili kuanzia mwanzo.