Kabla ya Kumwaga Zege, Uliza Nani Anaweza Kusema "Simama"

Mtu akitaka ushauri kuhusu usalama saiti, huanza na helmeti na buti. Vinunuliwe, tena vya kutosha. Lakini nimekuwa foremani miaka mingi kati ya Mbeya na Mafinga, na ajali nyingi nilizoziona zilipikwa ofisini, siku kampuni ilipogawana kazi na fedha.

Kwa hiyo kabla ya koleo la kwanza, kaa na mkandarasi wako umuulize: kazi ikiwa ya hatari, nani ana mamlaka ya kuisimamisha bila kupiga simu kwa mtu? Atakwambia "sisi sote". Usikubali. Taka jina la mtu mmoja ambaye anashinda pale saiti.

Nakumbuka jengo la ghorofa moja pale Iganzo, mwezi wa sita. Kampuni ilikuwa ya Dar, bosi anasimamia kwa simu. Nondo zilikuwa na fundi wake, mbao na mirunda (nguzo za muda zinazobeba zege hadi likomae) zina fundi mwingine, na huyu wa mbao alilipwa kwa kipande. Jumamosi alfajiri nikamkuta anachomoa mirunda chini ya slabu.

"Kaka, mbona mapema?"

"Mirunda ni yangu, mkuu. Jumatatu nina kazi Uyole."

Nilipompigia bosi, akasema siku zimetimia kwa ratiba. Ratiba ya Dar, hiyo. Mbeya tuko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na usiku wa Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Zege kwenye baridi hukomaa polepole. Kabla ya saa nne ufa mwembamba kama uzi ulikuwa umetoka kwenye nguzo ukafika katikati ya chumba. Tukarudisha mirunda mbio, hakuna aliyeumia. Ukitafuta mkosaji humpati kirahisi, maana kila mmoja alifuata makubaliano yake. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake.

Basi iandikwe kwenye mkataba: mirunda haitoki mpaka injinia asaini, hata kama mwenye mirunda ana harusi kesho. Na fundi wa mbao alipwe muda ambao mali yake inakaa pale, la sivyo unamlipa ili akimbilie hatari.

Pili, hesabu ngazi. Mkandarasi mkuu ana mkandarasi mdogo, huyo ana fundi, fundi ana saidia fundi aliyemwokota asubuhi Kabwe. Kadiri ngazi zinavyoongezeka, onyo linachelewa kushuka na taarifa ya hatari inachelewa kupanda. Yule kijana wa mwisho hajui waya gani una umeme, wala hamjui wa kumuuliza. Wekeni daftari getini, kila aliyeingia aandikwe jina na aliyemleta, na apewe dakika kumi za maelekezo kabla hajashika kitu. Daftari hilo litasaidia pia siku ya fidia. Mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri, haukatwi kwenye ujira, na kibarua ambaye hayumo kwenye orodha ya yeyote atapata tabu kuthibitisha aliumia akimtumikia nani.

Karatasi nazitaja haraka: mkandarasi awe na usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, na daraja lake (kwa makandarasi wa majengo madaraja ni saba) lifanane na ukubwa wa kazi, eneo la kazi lisajiliwe OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, bango la mradi lisimame barabarani. Ukikuta kampuni iliyosaini si ile inayofanya kazi, rudi nyumbani ukafikirie upya.

Jambo linalosahaulika ni bosi wa afisa usalama. Akiwa chini ya meneja wa mradi, ambaye naye anasukumwa na tarehe, ataandika ripoti nzuri kila wiki. Ripoti yake iende moja kwa moja kwa mwenye kampuni.

Mvua huku zinaanza Novemba na kukaa hadi Aprili. Udongo wetu mwingi ni wa majivu ya volkano, unachimbika kama unga, na unamomonyoka hivyohivyo. Mtaro wa kufika kifuani uwe na mtu wa kuukagua kila asubuhi baada ya mvua, kabla ya yeyote kushuka. Nimeona saiti mbili ambako mchimbaji alidhani ni kazi ya foremani, na foremani akadhani ni ya mchimbaji.

Na ufunguo wa gari? Saa nane mchana pikapu imetumwa Mafiati kufuata saruji, dereva simu haipatikani, na majeruhi anatakiwa Hospitali ya Rufaa. Amueni leo nani anabaki na gari, na likitoka, namba ya bajaji ipi imebandikwa getini.