Jinsi ya kuzijaribu kani zinazokunja protini kwa ute wa yai

Bondi ya peptidi, ile inayounganisha asidi amino moja na nyingine, huhitaji zaidi ya kilojuli 300 kwa moli ili ikatike. Kani zinazoupa mnyororo huo umbo lake ni hafifu mno: bondi ya haidrojeni ni kilojuli 8 hadi 20 hivi, kani za van der Waals (mvuto hafifu kati ya atomu zilizokaribiana) 1 hadi 4. Ukijumlisha zote na kutoa zile zinazozipinga, protini nyingi hubaki na akiba ya kilojuli 20 hadi 60 tu kwa moli. Ndiyo maana joto la wastani, asidi au urea huikunjua protini bila kuukata mnyororo wenyewe.

Majaribio yafuatayo yanafanyika katika maabara ya kawaida ya sekondari. Yamepangwa ili kutenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachukua kuwa kitu kimoja: kukunjuka na kuganda. Kukunjuka hakuonekani kwa macho. Weupe unaouona yai linapoiva ni molekuli zilizokwisha kukunjuka, kisha zikashikana.

Mchanganyiko wa kuanzia

Pima ml 10 za ute wa yai bichi bila kiini, changanya na ml 90 za maji yaliyokenekwa. Maji safi ya mvua yaliyochujwa yanafaa pia. Usinunue "maji ya betri" bila kusoma chupa, maana baadhi ni asidi ya salfa. Koroga taratibu kwa kijiti. Ukipiga povu umeharibu kazi kabla hujaanza, kwa sababu pale hewa inapokutana na maji protini hukunjuka na kushikana.

Utaona nyuzi nyeupe zikijitokeza. Ni ovomusini na globulini, protini za ute ambazo haziyeyuki vizuri maji yakikosa chumvi. Chuja kwa chachi iliyokunjwa mara nne. Maji yanayopita yana protini karibu asilimia 1, nyingi ikiwa ovalbumini yenye asidi amino 385. Usiongeze chumvi kwa sasa, maana hapo baadaye itakuwa na kazi yake.

Tyubu tatu za joto

Weka ml 5 katika kila tyubu.

Tyubu A iache ilivyo. Tyubu B ongeza siki tone kwa tone, ukipima kwa karatasi ya pH, hadi ifike 4.5 au 5. Tyubu C ongeza asidi haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita hadi pH 2. Zitumbukize zote kwenye bika la maji ya moto, siyo juu ya moto wenyewe, kwa kuwa moto wa moja kwa moja huivisha sehemu ya chini huku juu pakiwa bado baridi. Pandisha joto polepole hadi maji yachemke, kisha subiri dakika 5.

Kuanzia nyuzi 60 na kidogo ovotransferini, protini nyingine ya ute, huanza kukunjuka. Ovalbumini husubiri hadi karibu nyuzi 80. Joto huzidi nguvu bondi za haidrojeni na mpangilio wa ndani, na hapo asidi amino zisizopatana na maji, kama leusini, valini na fenilalanini, hutokeza nje. Kwa kawaida hizo hujificha katikati ya protini, na kule kujificha ndiko kunakochangia zaidi kukunja mnyororo. Zikiwa nje hutafuta pa kujibanza, na pa karibu ni kwenye molekuli jirani. Kwa watu wa Afrika Mashariki mfano wake ni seli mundu: valini moja ikikaa mahali pa glutamati, asidi amino inayopenda maji, nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, inatosha kuzifanya hemoglobini zilizopoteza oksijeni zishikane na kuwa nyuzi ndefu.

Sasa tazama tyubu. A ina ukungu tu, kwa sababu pH ya ute iko juu ya 7, molekuli zina chaji hasi na zinasukumana. B imetoa mabonge yanayozama: kwenye pH 4.5 chaji chanya na hasi za ovalbumini zinalingana, hakuna tena cha kuzitenganisha. C imebaki angavu au karibu angavu, ingawa imechemka sawa na zile nyingine.

Mwanafunzi atasema C haikukunjuka. Iache ipoe, kisha ongeza sodiamu haidroksaidi ya moli 0.1 tone kwa tone. Ikikaribia pH 5 mabonge yatatokea papo hapo, bila moto wowote. Fanya vivyo hivyo kwa mchanganyiko ambao haukuchemshwa na ulinganishe. Protini ya C ilikuwa imekunjuka muda wote, ila chaji chanya ziliizuia kushikana. Rudia C nyingine ukiweka chumvi ya mezani g 0.1 kabla ya kuchemsha: itaganda, maana ioni za chumvi hufunika chaji hizo.

Jaribio likikataa, kosa mara nyingi liko kwenye pH. Siki ikizidi, B huvuka pH 4 na kuanza kufanana na C.

Chumvi nyingi, bila kukunjua

Kwenye ml 5 za mchanganyiko mpya ongeza amonia salfeti safi ya maabara, kidogo kidogo, kama g 4, hadi isiyeyuke tena. Mbolea ya SA ina uchafu, iache. Protini itajitenga, kwa sababu chumvi imeyachukua maji yaliyokuwa yakiizunguka. Ongeza maji ml 15 nayo itayeyuka tena. Hapa imeshikana bila kukunjuka, kinyume kabisa cha tyubu C.

Urea

Pima urea g 4.8 na uongeze maji hadi alama ya ml 10. Usimimine maji ml 10 juu yake: urea yenyewe inachukua nafasi, na utapata moli 5.9 kwa lita badala ya 8. Tyubu itakuwa baridi sana inapoyeyuka, hivyo ishike mkononi au iweke kwenye maji ya uvuguvugu. Usiichemshe, kwani urea moto hutoa sianati inayoshambulia protini.

Tumbukiza kipande cha ute uliochemshwa, kidogo kama punje ya mchele, kilichopondwa. Acha hadi kesho yake. Kitalainika na kuyeyuka kwa kiasi, kwa kuwa urea hushikana na mnyororo na kulegeza mvuto kati ya sehemu zisizopenda maji. Ukikizimua ghafla kwa maji mara 10, mara nyingi ukungu hurudi: sehemu hizo hukutana na jirani kabla mnyororo haujajikunja.

Mwanakemia Christian Anfinsen alifanikiwa kuirudisha ribonukleasi, kimeng'enya chenye asidi amino 124 na madaraja 4 ya salfa (bondi za salfa kwa salfa zinazofunga sehemu za mnyororo). Aliikunjua kwa urea ya moli 8 pamoja na kemikali ya kukata madaraja, akaviondoa, ikajikunja upya na kufanya kazi, na mwaka 1972 akapata Nobel ya Kemia. Ovalbumini iliyoiva ni ngumu zaidi kurudishwa: ina salfa 4 zisizofungwa, na joto huziwezesha kujenga madaraja mapya na molekuli za jirani, madaraja ambayo urea peke yake haiwezi kuyakata.