Lengo la mwaka kwa anayebuni michezo ya mezani

Kama unabuni michezo ya mezani kwa kujifurahisha, lengo la mwaka lisiwe "nitamaliza mchezo wangu". Hilo halishikiki. Jiwekee lengo la kuuchezesha: walau mara moja kwa mwezi, kwa watu wasioujua. Wape kanuni zilizoandikwa, kisha ukae kimya. Hapo ndipo pagumu, maana mdomo utakuwasha. Lakini kila swali wanalouliza linaonyesha sentensi ya kurekebisha, kwa hiyo liandike badala ya kulijibu.

Michoro mizuri isubiri. Manila, penseli, vizibo vya soda na dadu mbili vinatosha, na kadi ya penseli huoni uchungu kuichana. Ukikwama, kacheze Bao la Kiswahili: mashimo 32, kete 64, na hatua mbili zenye kanuni tofauti, namua (kuingiza kete za akiba ubaoni) kisha mtaji (kucheza na zilizo ubaoni tu). Angalia jinsi kuingiza kete moja moja kutoka akiba ya 22 ya kila mchezaji kunavyomlazimisha mchezaji kuamua mapema.

Kila toleo liandike tarehe, na la zamani usilitupe kabla Desemba haijaisha.