Somo: Namna ya kwenda na mbwa kuwatembelea wazee makaoni

Ndugu wanakikundi, kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu maswali yaleyale kuhusu mbwa ninayekwenda naye kwa wazee, na kwa kuwa kila anayeuliza hupata nusu ya maelezo kulingana na nafasi niliyo nayo siku hiyo, nimeona niandike somo zima hapa. Kuanzia leo nitamwelekeza kila muulizaji alisome kwanza.

Mbwa wa faraja si mbwa wa ulinzi, wala si yule anayemwongoza asiyeona. Ni mbwa wa nyumbani, mtulivu, anayefurahia wageni, ambaye mwenyewe amemzoeza kukaa karibu na mzee au mgonjwa ili apapaswe na kuongeleshwa. Wangu anaitwa Doa. Ni jike wa kienyeji wa miaka mitano, niliyempata angali mdogo katika mwalo mmoja wa samaki upande wa Ilemela, hapa Mwanza.

Hatua ya kwanza: ruhusa ya kituo. Mwandikie mfawidhi barua, ambatisha utambulisho wa serikali ya mtaa na nakala ya kadi ya chanjo ya mbwa, kisha subiri jibu la maandishi. Kwa makazi ya serikali, anzia kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Hatua ya pili: afya ya mbwa. Awe ametimiza mwaka mmoja. Awe na chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo hutolewa kuanzia umri wa miezi 3 na kurudiwa kila mwaka, na kama ndiyo kwanza amechanjwa, zipite siku 30 kabla hajakaribia mzee yeyote. Apewe dawa ya minyoo kila baada ya miezi 3, na asiwe na kupe wala viroboto. Msimwogeshe kwa dawa ya ng'ombe mliyoikadiria kwa macho, kwani ikizidi humdhuru, tena hubaki kwenye manyoya ambayo mzee atayashika. Daktari wa mifugo ndiye apime. Nyama mbichi na matumbo asipewe, kwa sababu vijidudu hutoka kwa mbwa vikamfikia mtu ambaye mwili wake umekwisha kuchoka.

Hatua ya tatu: mafunzo. Ajue kukaa, kulala, kutulia na kuacha. Amri ya "acha" ni ya lazima, maana vidonge huanguka sakafuni na mbwa huviwahi kabla ya mhudumu.

Hata hivyo, linalohitaji kazi kubwa kwetu ni mkongojo. Mbwa wetu wengi wamekua wakitupiwa mawe na kutishwa kwa fimbo, kwa hiyo mzee anapouinua mkongojo wake ili asimame tu, mbwa huona kipigo kinakuja. Doa nilimzoeza kwa wiki sita. Kwanza mkongojo ulilazwa chini karibu na bakuli lake. Baadaye niliushika nikiwa nimekaa. Baadaye tena nilitembea nao nikichechemea. Na mwisho nilimwomba jirani ambaye ni mzee kweli apite nao, auinue, audondoshe sakafuni, na kila Doa alipotulia alipata dagaa mkavu mmoja. Fanyeni vivyo hivyo kwa kiti cha magurudumu, kwa sufuria inayoanguka na kwa mtu anayekohoa kwa nguvu.

Hatua ya nne: maandalizi ya siku yenyewe. Mwogeshe siku moja kabla, mkate kucha na uzipige msasa kwa kuwa ngozi ya mzee huchanika kwa mkwaruzo mdogo, chukua maji na bakuli lake kutoka nyumbani, na utumie kamba isiyozidi mita moja na nusu.

Hatua ya tano: hodi. Hapa ndipo nilipokosea, na naomba msipasome kwa haraka.

Katika ziara yangu ya tatu, kwenye makao ambayo sitayataja, nilifika alasiri nikiwa na barua ya ruhusa mfukoni na kamba ndefu mkononi. Wazee sita walikuwa wamekaa kwenye benchi barazani. Ziara mbili za mwanzo zilikuwa zimekwenda vizuri, nami nikaamini kwamba ruhusa ya mfawidhi ilikuwa ruhusa ya kila mtu aliyemo. Nilimwachia Doa kamba, naye akaenda moja kwa moja kwa mzee mmoja aliyekaa mwisho wa benchi, akamlamba mkono. Mkono huo ulikuwa bado na maji ya udhu.

Mzee yule hakupiga kelele. Aliutazama mkono wake, kisha akamwomba mhudumu udongo na maji, maana katika madhehebu ya Shafii, yenye wafuasi wengi kwetu, mate ya mbwa ni najisi ambayo huoshwa mara saba, na mojawapo ya hizo huwa kwa udongo. Alikuwa amepooza upande mmoja, hivyo hakuweza kujiosha mwenyewe. Nilisimama pale nikihesabu, mara ya kwanza hadi ya saba, huku wenzake wakiswali jamaa bila yeye.

Siku iliyofuata nilirudi bila mbwa kumwomba radhi. Aliniambia kwamba mbwa hakuwa na kosa lolote, ila mimi nilikuwa nimeingia kwake bila kubisha hodi. Nilimjibu kwamba mlangoni nilibisha. Akasema mlango ule ni wa serikali, na pale alipokaa yeye ndipo nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo utaratibu wangu ni mmoja. Doa hubaki langoni na mwenzangu. Mimi huingia peke yangu, nikamsalimu kila mzee kwa jina lake, "Mwangaluka, mayu," yaani habari za asubuhi, mama, kwa Kisukuma, au "Shikamoo, babu," na nikamwuliza kila mmoja kama angependa mbwa amkaribie leo. Anayesema ndiyo namwandika kwenye daftari, na Doa akiingia hufuata daftari hilo tu. Aliyekubali wiki iliyopita huulizwa upya, kwa sababu leo anaweza kuwa na maumivu, na aliyekataa huulizwa upya pia, kwa upole na mara moja tu.

Angalieni mambo haya. Mhudumu asikubali kwa niaba ya mzee anayeweza kusema. Ukimya si ndiyo, na anayegeuza uso amekwisha kujibu. Usimbembeleze mtu kwa kumwambia kwamba mbwa wako haumi, kwani pengine tatizo lake si meno. Ulizeni saa za swala na msipange ziara karibu nazo. Mimi sasa huenda saa 3 asubuhi baada ya chai, wakati ambao pia jua halijawa kali. Mbwa asipitishwe mbele ya aliyekataa, hata kama hiyo ndiyo njia fupi. Na kulamba kuzuiwe kwa wote, pamoja na wale wanaokubali, kwa sababu ya vidonda.

Hatua ya sita: kumtazama mbwa. Akipiga miayo asiyo na usingizi nayo, akijilamba pua mara kwa mara, akikwepesha macho au kubana mkia, amechoka, mtoeni. Ziara isizidi saa moja.

Hatua ya saba: kuondoka. Kila aliyemshika mbwa anawe kwa sabuni, kinyesi kiondoke na wewe, na picha za wazee zisitumwe popote.

Maswali ya wanakikundi

*Mwanakikundi wa Igoma:* Mbwa wangu hajachanjwa ila ni mpole sana na hajawahi kumng'ata mtu. Naweza kuungana nanyi Jumamosi hii?

Hapana. Rudia hatua ya pili. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huishia kifo, na upole wa mbwa hauzuii lolote katika hilo.

*Mwanakikundi wa Buhongwa:* Kuna posho?

Hakuna.

*Mwanakikundi wa Nyegezi:* Kwa heshima zote, Mwalimu, wazee wetu wanakosa sabuni na nyama, nanyi mnawapelekea mbwa. Huoni kwamba haya ni mambo ya Wazungu?

Sabuni huwa tunabeba, na hakuna aliyezuiwa kubeba nyama. Lakini wewe na mimi tumekulia Usukumani, na tunajua kwamba mbwa alilala zizini na ng'ombe wa babu zetu kabla hatujasikia habari za Wazungu. Tunajua pia kwamba wapo akina mama wazee walioogopwa na ndugu zao wenyewe kwa sababu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, wakaitwa wachawi, na wengine wakauawa. Mayu mmoja ninayemtembelea anaishi makaoni kwa sababu hiyo. Alinieleza kwamba kwa miaka mingi hakuna kiumbe kilichomsogelea bila kumwogopa, na kila ninapofika husogea ili Doa apate nafasi kwenye mkeka. Naomba usiniambie kwamba jambo hilo si lake.

*Mwanakikundi wa Bugando, mwanafunzi wa uuguzi:* Shikamoo. Ningependa kufahamu kazi hii ilianzia wapi, na mwilini hutokea nini mtu anapompapasa mbwa?

Marahaba, mwanangu, na ahsante kwa swali. Mnamo miaka ya 1960 huko New York, mwanasaikolojia wa watoto aitwaye Boris Levinson alieleza jinsi mbwa wake, Jingles, alivyokutana kwa bahati na mtoto aliyefika mapema kliniki, mtoto ambaye alikuwa mgumu kuzungumza na watu, na jinsi uhusiano wa hao wawili ulivyomfungulia daktari njia. Wenzake wengi hawakulipokea wazo hilo kwa uzito. Mwaka 1976 muuguzi wa Marekani, Elaine Smith, alianzisha chama cha kuwasajili mbwa wanaotembelea hospitali na nyumba za wazee, baada ya kuona ziara za namna hiyo alipofanya kazi Uingereza. Kuhusu mwili, kumpapasa mbwa unayemridhia huweza kushusha mapigo ya moyo na shinikizo la damu kwa muda, na homoni ya oksitosini, ileile inayohusika mama anaponyonyesha, huweza kuongezeka. Hayo si matibabu, na mzee asiache dawa zake. Kwa kuwa wewe ni wa uuguzi, zingatia pia kwamba mwenye kidonda kilicho wazi au kinga iliyoshuka sana hapelekewi mbwa, hata akimtamani.

*Mwanakikundi wa Kisesa:* Na kwa mzee aliyepoteza kumbukumbu? Mjomba wangu alikuwa mfugaji, na siku hizi hatutambui.

Kaa naye ubavuni, si mbele yake, umwachie aone mbwa kwa mbali kwanza, na utazame mkono wake: ukifunguka na kunyooka, msogeze mbwa, ukikunjwa, ondoka. Usimwulize kama anakumbuka. Umwulize jinsi mbwa wa machungani anavyofundishwa, kwa sababu ujuzi wa kazi huweza kubaki hata majina yakishapotea. Mzee mmoja alinisahihisha namna ninavyoshika kamba, naye hakuwa ameongea tangu asubuhi.

*Mwanakikundi wa Kirumba:* Mbwa wangu anakula mapanki, yaani mabaki ya sangara aliyetolewa minofu, kila siku. Harufu ya mdomo naifanyaje?

Siku mbili kabla ya ziara mpe ugali wa dona na maharage yaliyochemshwa bila kitunguu, kwa kuwa kitunguu ni sumu kwake, na mswaki upigwe bila dawa ya meno ya binadamu. Dagaa wa zawadi wachemshwe na kukaushwa tena, harufu hupungua. Miiba ya sangara iondolewe daima, hata siku zisizo za ziara.

*Mwanakikundi wa Capri Point:* Nyongeza kuhusu usafiri: daladala hukataa, lakini nimeelewana na dereva mmoja wa bajaji, natandika gunia safi na kumlipa nauli ya abiria wawili.

Ahsante, ni ushauri mzuri. Mfikishe mbwa robo saa kabla, ajisaidie nje ya uzio.

*Mwanakikundi wa Igoma:* Nimerudi. Leo amechanjwa, kadi ninayo. Nifanye nini sasa?

Hongera, na samahani kama nilikujibu kwa ukali. Hesabu siku 30 kuanzia leo. Jumamosi njoo bila mbwa, tuingie pamoja uone hodi inavyobishwa, na jioni hiyohiyo tafuta mkongojo uulaze karibu na bakuli lake.